Mise kwenye tasbihi: kutafakari, zikri na kuzinduka ni nini hasa

Tasbihi ya bibi yangu ilikuwa na punje 99, na moja kati ya hizo haikufanana na wenzake. Siku moja uzi ulikatika uani kwetu Ujiji, punje zikatawanyika mchangani. Wajukuu wote tulipiga magoti kuzitafuta, moja haikuonekana. Bibi hakununua tasbihi nyingine. Alichukua mise, ile kokwa inayobaki chikichi likishakamuliwa mawese, akamwomba babu mdogo aitoboe kwa msumari uliopashwa moto, akaitunga mahali pa ile iliyopotea. Baada ya miaka mingi ya kushikwa, ile mise ilikuwa nyeusi na inang'aa kuliko punje zote. Kila alfajiri baada ya swala nilimwona amekaa mkekani, midomo inacheza bila sauti, kidole gumba kinasukuma punje moja moja. Kikifika kwenye mise, kilikawia kidogo.

Nyumba ya pili aliishi mama mmoja wa Kiha, Mkatoliki. Jioni tulimsikia na wanawe wakisali rozari: yeye anaanza "Salamu Maria", watoto wanamalizia, anaanza tena, wanamalizia tena, hadi sauti zao zinakuwa kama maji yanayopiga ufukweni. Nimelala utotoni mwangu mwote kati ya sauti hizi mbili.

Mwaka jana mpwa wangu anayesoma chuo alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo akaniuliza kwa mkupuo mmoja: "Mjomba, hivi meditesheni ni haramu? Na jicho la tatu linafunguliwaje?" Nilimwambia anipe muda. Haya ndiyo majibu, na nimeyaandika kwa ajili ya wengine pia, maana naona vijana wengi wa Kigoma na Tabora wanauliza hayohayo na wanajibiwa ovyo.

Tuanze na maneno, kwa sababu ndiyo yanayotuvuruga. Vijana husema meditesheni. Kanisani utasikia tafakari, au taamuli. Kwenye zawiya, nyumba za ibada za Wasufi, ni zikri, yaani kumkumbuka Mungu kwa kurudia jina lake, na uradi, maneno ya kukariri kila siku, na kwa waliosoma zaidi, muraqaba, kuuchunga moyo mbele ya Mungu. Kutafakari kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni kushika jambo na kuligeuzageuza kichwani. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba watawa wa Kibudha hutafakari, anamwona mtu aliyeshika tama anawaza maisha. Sivyo. Mtawa wa Zen, njia mojawapo ya Ubudha, akikaa, hawazi jambo. Anakaa macho, na mawazo yakija anayaacha yapite.

Hata kwenye Biblia neno hilo lina siri. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Mungu mchana na usiku. Neno la Kiebrania lililopo pale ni haga, nalo lina maana ya kunong'ona, kuguna, kutoa sauti ya chini. Nabii Isaya analitumia hilohilo kwa simba anayeunguruma juu ya windo lake, tena kwa hua anayelia. Basi yule mtu wa Zaburi alikuwa anatamka, kwa midomo, tena na tena, mpaka neno limshike. Yuko karibu zaidi na bibi yangu mkekani kuliko na mwanafunzi aliyeinamia kitabu.

Huko India neno lilikuwa dhyana, kuzamisha akili mahali pamoja. Lilipofika China likatamkwa chan, na Japani likawa zen. Neno moja lilisafiri kama misafara ya zamani, kila kituo likivaa nguo za wenyeji.

Sasa tuje kwenye pumzi, maana hapa ndipo njia nyingi hukutana. Kiswahili chenyewe kinajua: pumua, pumzi, pumzika. Mtu anayepumzika ni mtu aliyerudishiwa pumzi yake. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha utafiti mdogo wa watu 23. Waliwapima wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakikariri maneno ya kibudha ya Watibeti, "om mani padme hum". Katika hali zote mbili kupumua kulishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, wakati kwa kawaida mtu aliyetulia hupumua mara mbili ya hapo au zaidi. Kwa kasi hiyo mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kwenda kwa mdundo mmoja, na mwili unapata nafuu. Aliyetunga maneno yale hakuwa na saa wala mashine. Urefu wa sala wenyewe ndio uliopima pumzi.

Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka zikri ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Watu wamesimama wamekaribiana mabega, "la ilaha illa Llah" inaanza polepole, kisha maneno yanapungua, linabaki jina, kisha jina lenyewe linageuka kuwa pumzi inayotoka kifuani kwa nguvu, wote kwa pamoja. Ukisimama nje ya ukuta unahisi ardhi inapumua. Kule Mlima Athos, Ugiriki, watawa wa Kiorthodoksi wa karne ya 14 walikuwa wakiinamisha kichwa, wakifuatanisha pumzi na maneno "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie". Mwanazuoni mmoja, Barlaam, aliwakejeli kwamba ni watu wenye roho kitovuni. Gregory Palamas akawatetea, na baraza la Konstantinopoli la mwaka 1341 likasimama upande wake. Mabishano kama hayo tunayajua hata huku kwetu. Wako masheikh waliopinga zikri ya kusimama na wako walioitetea, na jambo halijaisha.

Lakini pumzi ni mlango wa uani tu. Kazi yenyewe ni ya uangalifu, na hapa naomba niwapeleke ziwani.

Anayejua uvuvi wa dagaa kule Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, anajua kwamba mvuvi hamfukuzi dagaa. Giza likiingia anakwenda mbali na nchi kavu, anawasha taa, anasubiri. Dagaa wanakuja wenyewe kwenye mwanga. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi hulala ufukweni: mwanga ukiwa kila mahali, hakuna kinachokusanyika. Akili yetu ya kawaida ni ziwa la mbalamwezi. Kila kitu kinang'aa kidogo, simu, deni, maneno ya jana, na hakuna kinachokaribia. Wahenga wa njia zote wanasema washa taa moja. Taa hiyo yaweza kuwa pumzi, jina la Mungu, mstari wa Maandiko. Patanjali wa India, katika mafundisho yake ya yoga, anaita hatua hii dharana, kushika. Ukishika bila kukatika inakuwa dhyana. Na aliyeshika na alichokishika wakikaribiana hadi mpaka usionekane, anaiita samadhi. Viungo vya mwili vilivyokunjwa ambavyo watu huviona kwenye picha ni hatua moja tu kati ya hatua zake nane, na mbili za mwanzo ni za tabia: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, ridhika na ulicho nacho. Wanaofundisha yoga mitandaoni wakaziruka hizo mbili wameuza nyumba bila msingi.

Kuna namna nyingine ambayo haina taa moja. Unakaa ufukweni na kuangalia kila kinachopita, wazo, maumivu ya goti, hasira, bila kukifuata na bila kukikataa. Wabudha wanaiita vipassana, kuona wazi. Kutoka huko Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979, alitengeneza mafunzo ya kupunguza msongo kwa wagonjwa wa hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, akaondoa maneno ya dini. Mengi ya yanayoitwa meditesheni kwenye simu zenu yametokana na shina hilo. Yana faida yake. Ila msiyachanganye na kuzinduka. Kupunguza msongo ni kutibu mguu. Kuzinduka ni kuuliza unakwenda wapi.

Hapo ndipo njia zinapoachana, na sipendi wanaoziminya zote kuwa kitu kimoja. Gautama, aliyeketi chini ya mti Bodh Gaya, aliitwa Buddha, yaani aliyeamka. Alichoamkia, kwa mafundisho yake, ni kwamba ile "mimi" tunayoilinda usiku na mchana haipo kama kitu kinachosimama peke yake. Lakini Ramana Maharshi, mvulana wa miaka 16 huko Madurai mwaka 1896, alipokamatwa na hofu ya kifo, alijilaza chini akajifanya maiti, akajiuliza nini hasa kinakufa, akatoka na jibu tofauti: ipo Nafsi, moja, isiyokufa, nayo ndiyo asili ya kila kitu. Mmoja anasema hakuna nafsi, mwingine anasema hakuna kingine isipokuwa Nafsi. Wasufi, Waislamu wa njia ya zikri, wanasema fana, kutoweka kwa mja mbele ya Mola wake, lakini Mola ni Mola na mja ni mja. Msufi Al-Hallaj alisema "Mimi ndiye Haki", na Haki ni jina la Mungu, akauawa Baghdad mwaka 922. Junayd, mwalimu wa Kisufi aliyefariki mwaka 910 mji uleule, alifundisha kwamba ulevi wa fana lazima ufuatwe na kurudi kwenye akili timamu. Na Wakristo kama Teresa wa Ávila, mtawa wa Hispania, husema muungano wa upendo, na upendo unahitaji wawili.

Mwaka 1945 mwandishi Mwingereza Aldous Huxley aliandika kwamba chini ya dini zote kuna ukweli mmoja wanaouona wenye kuzama. Mwaka 1978 mwanafalsafa Steven Katz akajibu kwamba hakuna mang'amuzi yasiyochujwa na lugha na imani ya mtu. Mkristo humwona Kristo, hamwoni Krishna, mungu wa Wahindu. Mimi naegemea kwa Katz kuliko kwa Huxley, na sababu yangu ni bibi. Alimpenda sana yule mama jirani. Walipeana chumvi, walizikiana. Lakini ungemwambia kwamba yeye na jirani wanafanya kitu kilekile angekutazama kwa huzuni. Kila punje ya tasbihi yake ilikuwa na anwani. Kumwambia haina anwani ni kumnyang'anya.

Na mambo haya si ya kigeni kwetu kama mpwa wangu alivyodhani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ilibeba pembe na watu waliotiwa minyororo, na juu ya njia hiyohiyo zikapita twarika, yaani njia za Kisufi. Mwishoni mwa karne ya 19 Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, aliieneza twarika ya Qadiriyya kutoka Zanzibar, na wanafunzi wa njia hiyo wakaifikisha Tabora na Ujiji. Huyu ni mrithi wa njia inayohesabu mnyororo wake hadi kwa Abdulqadir al-Jilani, aliyezikwa Baghdad mwaka 1166. Huko Bagamoyo kiongozi wake mkubwa alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Mtu huyu alichukuliwa mtumwa akiwa mtoto kutoka nchi za Manyema, ng'ambo ya ziwa letu. Fikirieni hilo. Mtoto aliyeuzwa akaja kuwa sheikh ambaye waungwana walimbusu mkono. Zikri haikumuuliza mtu baba yake nani. Ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya watu wengi wa bara, wanawake na waliokuwa watumwa, waingie kwenye duara lile: ndani ya duara bega lako lilikuwa sawa na bega la jirani.

Wapadri Weupe nao walifika Ujiji mwaka 1879. Shirika lao lilianzishwa Algeria na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, na mavazi yao yalifuata ya Waarabu wa kule: kanzu nyeupe, na rozari ikining'inizwa shingoni kama masheikh wa kule walivyoning'iniza tasbihi. Kwa hiyo rozari ya jirani yetu na tasbihi ya bibi zilikuwa zimeshatazamana kabla hazijafika mtaani kwetu.

Wapagazi wa njia ile walijua neno moja kuliko watu wengine wote: kutua. Mzigo unatoka kichwani, shingo inarudi mahali pake. Katika Surat Ar-Raad, aya ya 28, panasemwa kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu ndipo nyoyo hupata utulivu, na ipo tafsiri ya Kiswahili iliyochagua kusema nyoyo hutua. Sijaona lugha nyingine iliyopata neno zuri kama hilo kwa jambo hili.

Sasa jicho la tatu. Asili yake ni mafundisho ya kale ya India kuhusu vituo vya nguvu mwilini, na kimoja kiko katikati ya nyusi, kinaitwa ajna. Huko kwao ni sehemu ya safari ndefu chini ya mwalimu. Mtandaoni kimegeuzwa swichi. Mpwa wangu alikuwa ameshamtumia mtu fedha kwa "kufunguliwa", mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Aliniambia ameona mwanga wa zambarau akifumba macho, moyo ukamdunda, siku tatu hakulala.

Nisikilizeni vizuri hapa. Walimu wa kila njia ninayoijua wanashuku mianga. Kwenye Zen vitu hivyo vina jina, makyo, mazigazi ya shetani: ukiona Buddha anang'aa mbele yako, endelea kuhesabu pumzi. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, aliwaonya wanaosali wasishikilie maono hata yakiwa mazuri, maana yanamfanya mtu apende zawadi amsahau mtoaji. Wasufi wana usemi kwamba asiye na sheikh, sheikh wake ni shetani. Huo ni ukali wa watu waliowahi kuona vijana wakiharibika. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mahojiano na watu wa nchi za Magharibi wanaofuata meditesheni ya Kibudha, na humo yamo mambo mazito: hofu isiyoisha, kukosa usingizi, kujihisi umepotea kwenye mwili wako, kwa wengine kwa miezi au miaka. Mtu akifika hapo aache, ale, alale, na kama usingizi haurudi au anasikia sauti, aende hospitali. Asiambiwe ana majini na asiambiwe ameamka.

Vilevile, giza si lazima liwe ugonjwa. Al-Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa Baghdad, na mwaka 1095 ulimi wake ulikataa kusema mbele ya wanafunzi. Hakuweza hata kumeza chakula vizuri. Aliacha cheo, akaenda Dameski akajitenga kwenye mnara wa msikiti. Baadaye aliandika kwamba kujua maana ya afya ni jambo moja na kuwa na afya ni jingine. Njia hii huijui mpaka uionje.

Kwa hiyo haramu? Kuketi na kuangalia pumzi hakuna mwenye hati miliki nako. Maneno unayoyatamka ndiyo yana mwenyewe. Mantra nyingi, yaani maneno yanayokaririwa, ni sala kwa mungu fulani wa watu fulani, na aliye Mwislamu au Mkristo ajue anachotamka kabla hajakitamka. Na wanaosema ukikaa kimya akili inabaki tupu, mapepo yanaingia, wamekosea somo. Nimeeleza juu: taa imewashwa, na mwenye taa yuko macho.

Kuna jambo moja ambalo njia hizi zinakubaliana kwa namna inayonishangaza. Teresa, aliyeandika mwaka 1577 kuhusu nafsi kama ngome yenye makao saba, alipofika makao ya mwisho hakusema raha. Alisema matendo. Kwenye Zen ipo michoro kumi ya mtu anayemtafuta ng'ombe wake, na mchoro wa mwisho unamwonyesha amerudi sokoni kati ya watu, mikono wazi. Wasufi baada ya fana wanasema baqa, kubaki, kurudi kati ya viumbe. Aliyezinduka utamkuta soko la Mwanga anapima dagaa, na kipimo chake kimejaa.

Wakati wa likizo nilimchukua mpwa wangu kwa khalifa mmoja mzee wa Ujiji, kiongozi wa twarika, Alhamisi baada ya alasiri. Alimweleza kila kitu, mwanga wa zambarau, siku tatu bila usingizi, fedha zilizokwenda. Mzee alisikiliza huku anachambua mchele kwenye ungo. Alipomaliza kuchambua alimuuliza mama yake yuko wapi. Kijana akasema yuko Tabora. Mzee akauliza walizungumza lini mara ya mwisho, na kijana akanyamaza, akahesabu, akasema tangu mfungo wa Ramadhani. Mzee akamwambia ampigie kabla ya magharibi, amwombe radhi, kisha arudi Alhamisi ijayo aanze na uradi wa watoto.